Kupoza Togwa: Joto, Maji na Msamiati wa Wapika Pombe kati ya Nakivale na Mbarara

Makala haya yanachunguza hatua moja ya upikaji wa pombe za nyumbani ambayo waandishi wengi huipita kwa sentensi moja: kupoza togwa ya moto kabla haijaanza kuumuka. Togwa hapa ni kinywaji kitamu cha nafaka na kimea ambacho bado hakijawa kileo. Neno hilo lilikuwapo kabla ya viwanda vya bia, na hatuoni haja ya kulitafutia mbadala. Hoja yetu ni kwamba kitenzi “kupoza”, kikiwekwa peke yake katika maelekezo ya afya au ya stadi za kazi, hufunika vitendo vitatu vilivyo tofauti, na kwamba mnywaji ndiye anayelipia mkanganyiko huo.

Tuanze na pombe isiyohitaji kupozwa. Tonto, pombe ya ndizi ya Ankole, haichemshwi. Ndizi huivishwa, hukandwa pamoja na nyasi, maji yake huchujwa na kuongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huachwa katika mtumbwi wa mti uliofunikwa kwa majani ya mgomba. Kazi ya mpishi hapo ni kulitunza joto, wala si kuliondoa. Suala la kupoza linatokana na nafaka. Bushera ya mtama ilijulikana zamani Ankole na Kigezi. Lakini Nakivale ilikusanya mapokeo mengi ya nafaka mahali pamoja. Makazi hayo, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda waliotoka baada ya machafuko ya 1959, yalikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara hadi Isingiro ilipofanywa wilaya. Wanyarwanda wana ikigage ya mtama, Warundi wana impeke, na Wakongo wa Kivu, waliofika kwa wingi tangu miaka ya 1990, wana kasiksi yao ya ndizi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, wakiwamo Wasomali wasioigusa pombe kabisa.

Katika pombe ya mtama, joto si adui wa kufukuzwa upesi. Mtama mwekundu, ambao katika nyanda za Kigezi hulowekwa kwa majivu ili kupunguza ukakasi wake, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea. Unga wake ukikutana na uji wenye nyuzijoto kati ya 60 na 70, wanga hugeuka sukari. Ukitiwa katika uji unaotokota, nguvu ya kimea hufa na uji hubaki uji. Joto likishuka hadi karibu nyuzi 50, bakteria wa uchachu hupata nafasi yao. Viwanda vya pombe ya mtama vya Afrika Kusini huishikilia togwa kwa makusudi katika nyuzi 48 hadi 50 ili iwe chachu. Ikiwa vuguvugu ndipo hamira huishi. Mpishi asiye na kipimajoto hupitia vituo hivi vyote kwa kuacha sufuria ipoe yenyewe, huku akipima kwa kiganja ubavuni mwake. Uchachu unaopatikana humpa mnywaji ladha anayoitarajia, tena huwazuia vijidudu wengi waharibifu. Kumwambia mpishi huyu kwamba amechelewa kupoza ni kutoielewa kazi yake.

Maelekezo ya “poza haraka” yana asili nyingine. Bia ya Ulaya inayotiwa hopi haitaki uchachu. Zamani ilimwagwa moto katika masinia mapana ili ipoe kwa hewa. Louis Pasteur alipochapisha utafiti wake kuhusu bia mwaka 1876, akieleza jinsi vijidudu wageni wanavyoiharibu, sinia la wazi lilianza kutiliwa shaka. Leo mpika bia wa nyumbani huko Ulaya huzamisha koili ya shaba ndani ya sufuria na kupitisha maji baridi ndani ya koili hiyo. Kiwanda cha Nile Breweries kilichofunguliwa Mbarara mwaka 2013 kiko katika mapokeo hayohayo ya bia ya kupozwa upesi, ingawa kampuni hiyo ilikwisha kuanza kutumia mtama wa Epuripur katika Eagle Lager mwaka 2002. (Koili inaonekana pia kwa mtengenezaji wa waragi, ambaye Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilimtaka awe na leseni, lakini yeye hupoza mvuke, si togwa.)

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kupoa, kupola cha Kiswahili cha Kongo, okuhora cha Runyankore na guhora cha Kinyarwanda ni mzizi mmoja wa Kibantu. Msikilizaji wa Nakivale ataelewa “poza” bila mkalimani, na uelewa huo wa haraka ndio unaoficha tatizo. Anaweza kuiacha ipoe. Anaweza kuizimua, yaani kuitia maji baridi ndani. Au anaweza kuiweka sufuria katika karai la maji, maji yakabaki nje. Akiambiwa apoze haraka, kuzimua ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kama maji ni ya ziwa yasiyochemshwa, kuni zote zilizochomwa kuua vijidudu zimepotea bure.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanaoandaa maelekezo kwa makazi ya wakimbizi, pamoja na wataalamu wa istilahi katika Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, waandike vitendo vitatu kwa maneno matatu: kuacha ipoe kwa pombe ya mtama, kupoza kwa nje pale haraka inapohitajika, na kuzimua kwa maji yaliyochemshwa tu. Karai la maji ya kupozea lina faida nyingine: maji yake hayajaguswa na togwa, na mtu anayetembea mbali kuyateka anaweza kuyafulia nguo jioni hiyohiyo.