Mizani ya Kazi: Wanafunzi wa Mwaka 1966 na Azimio la Arusha

Katika nyumba nyingi za mlima Meru, kahawa, ndizi na maziwa ndivyo vilivyolipa karo ya watoto. Basi kijana afikapo mwaka wake wa mwisho katika chuo kikuu, wazee wake hujiuliza neno moja: huyu ataitafuta kazi kwa ajili ya nini? Je, ni kwa mshahara, au kwa heshima ya cheo, au kwa kuwafaa watu? Swali hili ni la haki, wala si geni. Nchi yetu iliwahi kuliuliza kwa sauti kubwa, na sehemu ya jibu lake ilitoka katika mji huu wetu wa Arusha.

Wako wataalamu waliotafuta njia ya kuupima moyo wa mtu juu ya kazi. Mmarekani mmoja, Donald Super, alitoa mwaka 1970 orodha ya maswali 45, yenye kupima mambo 15 ambayo watu huyathamini katika kazi: ujira, usalama wa kazi, cheo, wenzi wema, kuwasaidia wengine, na mengineyo. Mtu husema kila jambo lina uzito gani kwake, kisha alama zake hujumlishwa. Kazi hiyo ni njema, maana humsaidia kijana kujijua. Walakini karatasi haimtozi kitu anayeijibu. Mtu aweza kuandika kwamba apenda sana kutumikia, na hali hajaombwa hata senti moja. Miaka minne kabla ya orodha ile, wanafunzi wetu wa Dar es Salaam walipimwa kwa mizani nyingine, kwa kuwa wao waliombwa fedha zao wenyewe.

Chuo chao kilikuwa kichanga. Kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, nacho kilianza na wanafunzi 14 tu wa sheria. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno. Kwa hiyo kila aliyemaliza alikuwa na hakika ya kazi nzuri na mshahara ambao mkulima hakuweza hata kuuota. Mwaka 1963 serikali ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana waliingia humo kwa hiari yao. Ikaonekana upesi kwamba waliojitoa hawakuwa wasomi wa vyuo. Ndipo mwaka 1966 serikali ikatoa shauri kwamba waliopata elimu ya juu washurutishwe kutumika miaka miwili. Miezi ya kwanza wangekaa kambini. Muda uliobaki wangefanya kazi zao walizosomea, lakini wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Yaani katika kila shilingi 100, shilingi 60 zingebaki kwa taifa.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakavaa majoho yao ya chuo, wakaandamana mpaka Ikulu. Wengine walibeba maandishi ya kusema kwamba hata ukoloni ulikuwa na nafuu. Walisoma waraka wao mbele ya Rais Julius Nyerere na mawaziri wake. Wakasema kwamba wakishurutishwa, miili yao itakwenda, lakini mioyo yao itabaki nje.

Neno hilo la miili na mioyo lilikuwa kali, tena lilikuwa na kweli ndani yake. Amri yaweza kumpeleka kijana shambani na kumtia jembe mkononi. Haiwezi kumfanya alipende jembe. Tena wanafunzi wale walikuwa na hoja nyingine ambayo haifai kufichwa. Waliuliza kwa nini wao, ambao hawajaanza hata kupokea, wakatwe mishahara, na hali wakubwa wa serikali wanaendelea kupokea mishahara minono. Sisi tuliolelewa kanisani twaijua hadithi ya watu wa shamba la mizabibu, walionung'unika kwa ajili ya dinari moja. Maandiko hayamnyimi mtenda kazi ujira wake, wala si dhambi mtu kuuliza juu ya ujira. Lililowaponza vijana wale ni kwamba waliutaja ukoloni kwa sifa mbele ya watu walioutoa ukoloni, tena walidai haki yao bila kumtaja hata mara moja mkulima aliyewalipia masomo.

Rais aliwasikiliza, kisha akakasirika. Wanafunzi zaidi ya 300 wakaondolewa chuoni, wakarudishwa makwao. Wengi wao walikubaliwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Lakini katika saa ile ile alifanya jambo la pili, nalo ndilo la kukumbukwa zaidi. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa kupita kiasi, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hivyo aliwaadhibu waliouliza, na huku alilijibu swali lao. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa shule kabla ya siasa; mwaka 1955 aliacha kazi yake ya kufundisha huko Pugu, na mshahara wake pamoja nayo, ili aitumikie TANU. Alikuwa amekwisha kupimwa kabla ya kumpima mtu mwingine.

Miezi mitatu baadaye viongozi wa TANU walikutana hapa Arusha, tangu tarehe 26 hata 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Mkazi wa Levolosi aweza kwenda kwa miguu mpaka palipo mnara wa Azimio na nyumba ya makumbusho yake. Wengi huukumbuka mnara huo kwa habari ya mabenki na viwanda vilivyotwaliwa na serikali. Lakini limo pia sharti la viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mizani iliyowekwa mbele ya wanafunzi Oktoba 1966 sasa iliwekwa mbele ya wakubwa. Mwezi wa Machi 1967 ukafuata waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule isimfundishe mtoto kulidharau shamba la baba yake.

Baadaye ikajaribiwa njia nyingine ya kupima. Kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana hakutoka tena shuleni moja kwa moja kuingia chuo kikuu. Ilimpasa kwanza afanye kazi, kisha aletewe ushuhuda na wakubwa wake wa kazini na tawi la chama juu ya bidii na tabia yake. Nia ilikuwa njema, maana matendo hushuhudia kuliko maneno. Ila ushuhuda wa karatasi una udhaifu wake: ajuaye kwamba anatazamwa hujifunza kupendeza macho, na mwandika barua aweza kuwa jamaa au rafiki. Hapo kipimo hupima werevu wa mtu, na moyo wake hubaki gizani.

Miaka ikapita. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti ya viongozi yalilegezwa. Mwaka 1994 vijana nao wakaacha kupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Sisemi kwamba la kwanza lilizaa la pili. Ila mpangilio wake wafaa kutazamwa. Wakubwa ndio walioshuka kwanza katika mizani, wadogo wakafuata. Na desturi ile iliporudishwa mwaka 2013, wabunge kadhaa vijana nao waliingia kambini, jambo lililowapendeza watu wengi.

Basi, wasomaji, siku hizi vyuo viko karibu nasi, Makumira na Tengeru na Njiro, na kila mwaka vijana wetu hutoka humo wakitafuta kazi, ambazo hazipatikani kwa urahisi kama zamani. Tukitaka kujua wanaithamini kazi kwa kipimo gani, tusiwaulize tu siku ya kuhitimu, wakati nguo ni mpya na maneno ni matamu. Tutazame walifanya nini walipokuja likizo na kahawa imeiva. Tena tuwalipe kwa haki wale wanaotufanyia kazi, maana ni vigumu kumhubiria kijana utumishi na huku kibarua wa shambani kwetu anadai ujira wa mwezi uliopita. Mtoto amekwisha kuyaona hayo nyumbani, miaka mingi kabla hajavaa joho.