Kusafisha, Kupendezesha, Kurejesha: Filamu na Mahali Zilipopigwa

Wanafunzi wetu wanapoandika historia ya filamu, aghalabu huanza na mwongozaji, huendelea na waigizaji, na humalizia na tuzo. Mahali filamu ilipopigwa hutajwa kwa jina tu, kana kwamba ni pazia lililotundikwa nyuma ya waigizaji na kukunjwa kazi ilipokwisha. Katika makala haya tunataka kuuliza swali ambalo vitabu vingi vya filamu hulipita: wapiga filamu wakishafunga mizigo yao, mahali pale hubaki katika hali gani, na ni nani hudaiwa?

Sisi wa Uganda tuna mfano wa jirani. Mwaka 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga filamu ya The African Queen. Kisa chenyewe kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, lakini picha zilipigwa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki karibu na Biondo, kisha hapa kwetu, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maeneo ya maporomoko ya Murchison. Kamera za rangi za wakati ule zilikuwa nzito na zilihitaji mwanga mwingi, hivyo taa, kamera na jenereta zilipakiwa juu ya vyelezo na kukokotwa mtoni. Kule Biondo ilijengwa kambi nzima msituni kwa ajili ya wageni hao.

Yaliyoandikwa juu ya safari ile ni mengi, na yanasomeka kwa raha. Tunaambiwa siafu walivyoivamia kambi, mashua ilivyozama ikalazimika kuopolewa, na jinsi watu wengi walivyougua matumbo isipokuwa Huston na Bogart, waliosifika kwa kupenda wiski kuliko maji. Hepburn mwenyewe alitoa kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1987. Lakini msomaji na aangalie mwelekeo wa masimulizi hayo: yote yanaeleza msitu uliwafanya nini wageni. Wageni waliufanya nini msitu, hatuambiwi. Miti iliyokatwa ni mingapi, mafuta ya jenereta yalimwagwa wapi, kambi iliachwaje. Hayo hayakuonekana kuwa habari. Kinachotajwa tu ni hamu ya Huston ya kuwinda ndovu, nayo hutajwa kama kituko cha mtu mashuhuri. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika mswada wa filamu hiyo, aliifanya hamu kama hiyo kuwa kiini cha riwaya aliyoitoa mwaka 1953. Murchison ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1952, yaani mwaka mmoja tu baada ya kamera kuondoka.

Ili kuona swali letu likiulizwa kwa sauti, tena mahakamani, hatuna budi kutoka Afrika na kwenda Thailand. Huko, katika kisiwa cha Phi Phi Leh, mkoa wa Krabi, kuna ghuba iitwayo Maya. Ni sehemu ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983. Mwaka 1998 Idara ya Misitu ya nchi hiyo iliipa kampuni ya 20th Century Fox ruhusa ya kupiga hapo filamu ya The Beach, iliyoigizwa na Leonardo DiCaprio na kutolewa mwaka 2000. Ghuba ilikuwa nzuri, lakini haikuwa nzuri kwa namna filamu ilivyotaka. Mtazamaji wa mbali akisikia ufuko wa peponi hutazamia minazi. Basi mwanzoni mwa mwaka 1999 matuta ya mchanga yalisawazishwa kwa tingatinga, mimea asilia ya pwani, ikiwemo ya jamii ya mikadi, iling'olewa, na minazi ipatayo 60 ikapandwa mahali pake.

Mkadi si mti wa kuvutia kwenye picha, hilo tunakubali. Hata hivyo mizizi ya mimea ya aina hiyo ndiyo inayoushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Mvua za monsuni zilipokuja mwaka ule ule, sehemu za ufuko zilimomonyoka. Kampuni ilijitetea kwamba iliondoa taka nyingi ilizozikuta na kwamba ufuko iliuacha ukiwa katika hali bora zaidi. Hapo sisi walimu wa lugha tunatega sikio, maana mzozo mzima ulikuwa umesimama juu ya vitenzi. Upande mmoja ulisema umesafisha na kupendezesha. Upande wa pili, yaani serikali za mitaa za Krabi na Ao Nang pamoja na watetezi wa mazingira, ulisema umeharibu. Na kitendo kilikuwa kile kile kimoja.

Kesi ilifunguliwa Januari 1999, kabla hata ya upigaji picha kumalizika. Walioshtakiwa hawakuwa kampuni ya filamu peke yake. Ilikuwemo Wizara ya Kilimo na ile Idara ya Misitu iliyotoa ruhusa. Tunaliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu mgeni hubomoa pale mwenyeji aliyekabidhiwa funguo anapomfungulia mlango. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Thailand ilikubaliana na uamuzi wa mahakama ya rufaa kwamba upigaji picha uliyadhuru mazingira, ikaagiza madhara yakadiriwe. Ila kabla ya hapo, Desemba 2004, tsunami ilikuwa imekwisha kuvipiga visiwa vya Phi Phi, na watalii walioiona ghuba kwenye filamu walikuwa wakimiminika. Nani angeweza tena kutenganisha mchanga ulioondolewa na tingatinga na ule uliochukuliwa na bahari? Mwaka 2018 wenye hifadhi waliifunga ghuba ipumzike, baada ya kufika siku za kupokea wageni 5,000 kwa siku moja. Ilifunguliwa tena Januari 2022, mashua zikikatazwa kuingia ghubani. Septemba mwaka huo kesi ikafikia mwisho: Idara ya Misitu iliamriwa kuirejesha ghuba katika hali yake, na kampuni ilikubali kulipa baht milioni 10. Ilikuwa miaka 23 tangu kesi ifunguliwe.

Huko Marekani nako watu walikuwa wameanza kupiga hesabu. Mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA walionyesha kwamba, kati ya sekta walizozilinganisha katika eneo la Los Angeles, filamu na televisheni zilichafua hewa kwa kiwango kilichopitwa na usafishaji wa mafuta ya petroli tu. Sababu zilikuwa malori, jenereta za dizeli na milipuko ya maigizo. Roland Emmerich, mwongozaji wa The Day After Tomorrow ya mwaka 2004, alitoa dola 200,000 za mfukoni mwake ili miti ipandwe kufidia moshi wa filamu yake. Ni jambo jema, ingawa baada ya kisa cha minazi tunasita kidogo kila tunaposikia miti imepandwa. Tunawapendelea zaidi waliovunja mandhari za filamu mbili za The Matrix za mwaka 2003 wakapeleka mbao zake Mexico zikajengee nyumba za watu wa kipato cha chini.

Lakini kutumia tena kilichotumika si elimu tuliyoletewa. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa silaha zilizoundwa kutokana na vyuma chakavu, na kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipande vilivyokwisha kutumika. Watu huzicheka filamu zile kwa mapenzi, nasi tunacheka nao. Umaskini ndio uliowafundisha, si azimio la mkutano wowote. Ila hatuoni sababu ya somo lile kudharauliwa kwa ajili ya mwalimu wake.

Watakuwepo watakaouliza mwalimu wa Kiswahili ana nini na mikadi ya Thailand. Wahitimu wetu wengi sasa huajiriwa na redio, televisheni na kampuni za filamu, na mara nyingi ndio wanaotumwa kuandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba eneo la kupigia picha. Tumekuwa tukifundisha barua hiyo kwa mtindo wa kawaida: anwani, salamu, ombi, malipo, shukrani. Tunapendekeza muhula ujao zoezi liongezewe aya moja kabla ya shukrani, ambamo mwanafunzi ataeleza atakachokiondoa, atakachokiacha, na atakachokirudisha kama alivyokikuta, na kwa tarehe gani. Mwalimu anayesahihisha aangalie kama mwanafunzi ameandika "tutarejesha" au ameridhika na "tutapendezesha".