Kutoka Kabureta hadi Kihisi cha Throtili: Historia ya Maarifa ya Gereji Ikitazamwa kutoka Gungu, Kigoma

1. Utangulizi

Historia ya gari katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata barabara, waagizaji na sera za serikali. Sehemu ndogo zilizomo ndani ya injini, ambazo ndizo humchukulia fundi muda wake mwingi, hazijapewa nafasi inayolingana na uzito wake. Makala hii inachagua sehemu moja ya aina hiyo, yaani kihisi cha mkao wa throtili, na kuitumia kujibu swali la kihistoria: maarifa ya fundi wa mtaani yalibadilikaje pale gari la kabureta lilipoanza kuiachia nafasi gari linalotawaliwa na kompyuta?

Swali hilo lina uzito wa aina mbili. Kwa mwenye gari, jibu lake huamua kama fedha zake zitanunua kifaa kilichoharibika kweli au kitu kilichobahatishwa. Kwa mwanahistoria, jibu hilo hujaribu dhana iliyozoeleka kwamba elektroniki iliwaacha nyuma mafundi wa gereji bubu, kwa kuwa maarifa yao yalikuwa ya mkono na sikio tu. Hoja ya makala hii ni kwamba dhana hiyo inaunganisha mambo mawili yaliyopaswa kutenganishwa: ujuzi wa kurekebisha, ambao uliendelea kutumika kwa muda mrefu kuliko inavyodhaniwa, na zana za kupima, ambazo upatikanaji wake ndio ulioleta mpasuko.

Gungu, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma/Ujiji, imechaguliwa kwa sababu ya umbali wake. Mahali palipo mbali na bandari ya Dar es Salaam, kipuri huchelewa na bei yake hupanda, hivyo kosa la utambuzi wa tatizo huonekana haraka zaidi.

2. Kigoma kama mji wa matengenezo

Kigoma haikuingia katika historia ya mitambo kwa njia ya gari. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya karne ya 19, na ni hapo ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa njia hiyo ilisafirishwa meli ya Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kuundwa upya kando ya ziwa. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa kurudi nyuma, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tukio hilo halithibitishi kwamba mafundi wa leo wa Gungu ni warithi wa moja kwa moja wa karakana za meli na reli. Linachothibitisha ni jambo jingine: katika ncha hii ya magharibi ya nchi, mashine imekuwa ikifika katika hali ya vipande, ikitunzwa kwa muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa na waliyoibuni, na kubadilishwa matumizi pale ilipobidi. David Edgerton, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu teknolojia kongwe zinazoendelea kutumika, alisisitiza kwamba historia ya teknolojia iandikwe kwa kufuata matumizi na matengenezo badala ya tarehe za uvumbuzi pekee. Kigoma ni mahali panapoitaka mbinu hiyo.

3. Enzi ya kabureta na uhaba

Joshua Grace, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu historia ya magari nchini Tanzania, ameonesha kwamba gereji za mitaani zilikuwa sehemu za uzalishaji wa maarifa, si mahali pa kuigiza tu maarifa ya wengine. Msukosuko wa bei ya mafuta wa mwaka 1973 na vita vya Uganda vya mwaka 1978 hadi 1979 vilizidisha uhaba wa fedha za kigeni, na vipuri vikawa adimu. Fundi alilazimika kuchonga, kuunga na kuhamisha kifaa kutoka gari moja kwenda jingine.

Kabureta iliwafaa mafundi wa enzi hiyo kwa sababu ilikuwa wazi mbele ya macho. Hewa ilipita kwenye koo lake jembamba, ikavuta petroli kupitia jeti, na kipepeo cha throtili kikafunguka kadiri dereva alivyokanyaga resi. Fundi aliweza kuifungua, kuisafisha, kuzungusha skrubu ya mchanganyiko na kusikiliza injini ikitulia. Neno ambalo mafundi wa Tanzania hulitumia hadi leo kwa mzunguko wa injini isiyokanyagwa, yaani silensa, lilikomaa katika utaratibu huo wa kusikiliza. Kipimo kilikuwa sikio, na marekebisho yalikuwa nusu mzunguko wa bisibisi.

4. Kuingia kwa kihisi

Mwaka 1967 Volkswagen ilianza kuuza gari la 1600 lenye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza petroli uliotengenezwa na Bosch. Katika mfumo huo tayari kulikuwa na swichi iliyoieleza kompyuta mkao wa throtili. Hata hivyo, tarehe hiyo haina maana kubwa kwa Gungu. Tarehe zenye maana ni zile za ulegezaji wa biashara ya nje kuanzia mwaka 1984, mageuzi ya kiuchumi ya mwaka 1986, na wimbi la magari mitumba kutoka Japani lililofuata katika miaka ya 1990 na kuendelea. Corolla, Carina na Noah ziliingia zikiwa zimekwisha kutumika kwa miaka mingi. Kwa hiyo kifaa hiki kilifika kikiwa kimechakaa, na fundi alikutana nacho kwanza kama tatizo.

Mkoa wa Kigoma ulikuwa na hali yake ya pekee. Kuingia kwa wakimbizi wa Burundi mwaka 1993 na wa Kongo mwaka 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilianzishwa, kulileta magari mengi ya mashirika ya misaada. Miongoni mwa magari yaliyopendwa na mashirika ya namna hiyo ni Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo pampu yake huendeshwa kimekanika na haihitaji kihisi cha throtili ili injini ipate mafuta. Hivyo gari lililoonekana kuwa la kisasa zaidi barabarani lilikuwa, kwa upande wa mafuta, la kizamani kuliko teksi ya petroli iliyoegeshwa pembeni yake. Elimu ya vihisi ilikuja zaidi kupitia gari dogo la mtu binafsi. Ukweli huu unavuruga mpangilio wa kihistoria unaodhani kwamba maarifa mapya hushuka kutoka taasisi kubwa kwenda mtaani.

Kihisi chenyewe ni rahisi kueleweka. Kimefungwa kwenye ncha ya mhimili wa kipepeo cha throtili. Ndani yake kuna utepe wa ukinzani na mkono unaoteleza juu ya utepe huo kipepeo kinapozunguka. Kompyuta, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, hukipa umeme wa volti 5. Throtili ikiwa imefungwa, waya wa ishara hurudisha takribani volti 0.5, ikifunguka yote, volti hupanda na kukaribia 4 au 4.5. Kwa kutumia namba hiyo pamoja na taarifa za vihisi vingine, kontroli boksi huamua kiasi cha petroli. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna waya wa nne, unaotoka kwenye swichi ndogo inayoiarifu kompyuta kwamba dereva ameondoa mguu kwenye resi.

Utepe ukilika mahali fulani, kwa kawaida pale mkono unaposimama mara nyingi, ishara hukatika kwa nukta moja na kurudi. Dereva huhisi gari likisita anapoongeza mwendo, silensa ikipanda na kushuka, au gia za otomatiki zikibadilika kwa kishindo. Katika mlima, au wakati wa kulipita lori, kusita huko ni jambo la hatari.

5. Kupima na kubadilisha

Hapa ndipo hoja ya makala inaposimama au kuanguka. Dalili zilizotajwa hazitokani na kihisi peke yake. Mpira wa hewa uliopasuka, throtili iliyojaa masizi, kebo ya resi iliyokaza na soketi yenye kutu huleta dalili zinazofanana nazo. Anayebadilisha kihisi kwa dalili tu anabahatisha.

Toyota za kipindi hicho zilikuwa na njia ya kupunguza kubahatisha ambayo haikuhitaji mashine ya gharama. Fundi aliunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya boksi la uchunguzi, yaliyoandikwa TE1 na E1, akawasha swichi bila kuwasha injini, na kuhesabu mimweko ya taa ya cheki injini. Mimweko minne, kituo, kisha mmweko mmoja ilikuwa namba 41, yaani hitilafu katika mzunguko wa kihisi cha throtili. Namba hiyo ilionesha mzunguko mzima, kuanzia kihisi hadi waya na soketi. Hatua ya pili ilikuwa ya lazima: kupima kwa mita kama volti 5 zinafika, kama waya wa ardhi ni mzima, na kama ishara inapanda taratibu bila kuruka kipepeo kinapofunguliwa polepole kwa mkono.

Kubadilisha kulifuata mpangilio ulio wazi. Waya hasi wa betri ulitolewa, soketi ikachomolewa, na skrubu mbili zikafunguliwa kwa bisibisi yenye kichwa sahihi, kwa kuwa vichwa vyake huharibika upesi. Kihisi kipya kiliwekwa kikiwa kimegeuzwa kidogo ili ulimi wake uingie kwenye mhimili, kisha kikazungushwa hadi mahali pake. Matundu ya skrubu yaliachwa marefu kwa makusudi ili kihisi kiweze kurekebishwa. Fundi alipenyeza ubapa wa kupimia nafasi, wenye unene uliotajwa na mtengenezaji, kati ya skrubu ya kikomo na mkono wa throtili, akageuza kihisi hadi swichi ya silensa ifungike kwa ubapa mwembamba na ifunguke kwa ubapa mnene, kisha akakaza.

Msomaji atatambua kazi hiyo. Ubapa uleule ulitumika kuweka nafasi ya platini na valvu, na kuzungusha kifaa kidogokidogo kabla ya kukaza ni kitendo kilekile cha kutega moto kwa kugeuza distributa. Mkono uliozoezwa na kabureta haukupoteza kazi yake katika kizazi cha kwanza cha elektroniki. Kilichoongezeka kilikuwa mita na uwezo wa kufasiri namba.

6. Mpasuko halisi

Mpasuko ulikuja baadaye, throtili ilipoacha kuvutwa kwa kebo na kuanza kuendeshwa kwa mota ya umeme. Katika magari mengi ya aina hiyo kihisi hutoa ishara mbili zinazokaguana, na kimejengwa ndani ya mwili wa throtili, hivyo hakiuzwi peke yake wala hakina matundu ya kurekebishia. Fundi hubadilisha mwili mzima, na mara nyingi huhitaji mashine ili kuifundisha kompyuta mkao mpya wa silensa. Hapa ndipo nafasi ya mkono ilipopungua, na umiliki wa mashine ya kusomea kodi ukawa mpaka kati ya gereji na gereji.

Mashine hiyo pia ilileta kosa la aina mpya. Inapotamka jina la kihisi, tamko lake huchukuliwa kuwa hukumu, na hatua ya kupima waya huachwa. Mteja wa Gungu hununua kihisi mtumba kilichosafiri kutoka Dar es Salaam, na tatizo hubaki kwa sababu lilikuwa kwenye soketi. Kwa maana hiyo, fundi mwenye kipande cha waya na mita alikuwa katika nafasi bora ya kuufikia ukweli kuliko fundi mwenye mashine asiyepima.

7. Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kufika kwa kihisi cha throtili hakukuvunja mara moja maarifa ya gereji za mtaani. Kulikuwa na kipindi kirefu cha mwendelezo, ambamo ujuzi wa kurekebisha ulihama kutoka skrubu ya kabureta hadi skrubu mbili za kihisi. Mpasuko ulitokana na kufungwa kwa kifaa ndani ya kingine na kuhamia kwa kipimo ndani ya mashine isiyomilikiwa na wote.

Matokeo hayo yana maana mbili. Kwa watafiti, mgawanyo wa vipindi vya historia ya magari nchini Tanzania unapaswa kufuata namna kifaa kinavyotengenezwa, kwa kuwa mwaka wa uvumbuzi na hata mwaka wa kuagizwa kwa gari havielezi ni lini fundi alilazimika kujifunza upya. Kwa mafunzo ya ufundi stadi, ambayo tangu sheria ya mwaka 1994 yamekuwa chini ya VETA, matumizi ya mita na usomaji wa mchoro wa nyaya vinastahili kutangulia matumizi ya mashine ya kodi. Mwanafunzi anayejua kwa nini volti inapaswa kupanda taratibu ataweza kuihoji mashine inapomwambia abadilishe kitu ambacho bado ni kizima.