Bamba la Sita

Pikapu iliyokuwa juu ya mawe kwa ami yangu, Mwanakwerekwe, ilikuwa ya kubeba abiria, na mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: aongezewe bamba la sita kwenye springi za nyuma. Watu wamekuwa wengi, alisema, gari inakaa kitako. Ami hakumjibu. Alikuwa amelala chini ya ekseli, miguu tu ndiyo inayoonekana. Mie nilikaa juu ya tairi bovu, simu mkononi, nikisubiri atoke nimuoneshe picha.

Nasoma shahada ya pili ya historia, na tasnifu yangu inahusu magari na barabara za Afrika Mashariki baada ya uhuru. Picha ilikuwa ya Mercury Comet kwenye mashindano ya Safari ya 1964.

"Mmarekani," alisema ami alipotoka, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Nyuma mabamba?"

"Mabamba, ami."

"Basi ilipata tabu."

Pasaka ya mwaka ule ilikuwa 29 Machi. Huku Unguja Mapinduzi yalikuwa hayajatimiza miezi mitatu, na Muungano ulikuwa bado chini ya mwezi mmoja. Siku hizo hizo, ng'ambo ya bahari, kampuni ya Ford ilileta timu ya Comet sita zenye injini ya V8 ya lita 4.7, kuzijaribu kwenye matope ya masika. Gari iliyoshinda ilikuwa Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young, yenye injini ya lita 1.5. Katika Comet sita zilimaliza mbili tu. Moja iliendeshwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyejua spana kabla ya kujua vikombe. Mwaka uliofuata, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ekseli ya nyuma ya Volvo ile haikukalia mabamba. Ilikalia koili, na vyuma virefu viliishika isijisokote.

Nilipomsomea haya, ami aliomba rula yangu ya plastiki. Akaishika ncha mbili, akaniambia niibane katikati kwa vidole na kuvizungusha. Rula ikapinda kama herufi S, kisha ikaniponyoka na kurudi kwa kishindo.

Ndivyo ilivyo. Ekseli imefungwa kwenye springi kwa boliti. Dereva akikanyaga mafuta ghafla, magurudumu yanakwenda mbele na ekseli yenyewe inataka kuzunguka kinyume. Springi inapinda, inajirudi, inapinda tena, na tairi linadunda. Kila linapodunda linaiacha ardhi. Injini kubwa inaongeza kishindo tu. Wamarekani wenyewe walilijua gonjwa hili katika gari zao za mitaani zenye misuli. Vijana walifunga vyuma chini ya springi, mbele ya ekseli, kuzuia ule msokoto. Chevrolet nao, katika Camaro ya 1968, waliweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyengine nyuma yake, zipingane nao. Katika vitabu ninavyosoma, madereva wana majina na injini zina lita. Springi hazina hata mstari.

"Sasa ukiongeza bamba?" niliuliza. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa.

"Msokoto unapungua, kweli. Na mzigo unabebeka. Lakini abiria wakishuka, springi inakuwa ngumu kama reli. Tairi halifuati tena barabara. Likikuta shimo linaruka, na likiwa juu halisukumi wala halishiki breki. Kukiwa na mvua, mkia unakukimbia."

Akanyamaza. Nilijua anafikiri nini, maana nyumbani kwetu kuna mkia mmoja tu uliokimbia. Kaka yangu alikuwa konda. Gari ilikuwa inarudi tupu, wakati wa masika, yeye amesimama nyuma kama kawaida yao, na kwenye kona ikaingia mtaroni. Mpaka leo anachechemea. Tangu nikiwa skuli nimeisikia hadithi hiyo kwa namna moja: mvua, na mwendo wa dereva.

"Bamba la sita nililitia mimi," ami alisema. "Mwenye gari aliniomba, nikamwambia litaleta balaa, akaniongeza pesa."

Nilikizima kinasa sauti. Msimamizi wangu angesema huo ndio ushahidi hasa niliokwenda kuutafuta, na angekuwa sahihi. Nilimuuliza ami kama kaka anajua. Alitikisa kichwa, kisha akaanza kutafuta spana namba 17 ambayo ilikuwa mbele ya macho yake.

Mwenye pikapu alikuwa bado amesimama, jua linamuwakia.

"Bushi zimekwisha, nitakubadilishia," ami alimwambia. "Na shokapu mbili, hizi zimekufa. Bamba sitii."

"Fundi, mie nimekuja kwa bamba."

"Nimekusikia."

Yule bwana alitoa simu, akasogea pembeni kuongea. Hakuongea sana. Mafundi wa springi Mwanakwerekwe wako tele, na wa karibu kabisa alikuwa ng'ambo ya barabara.