Mwili Una Kumbukumbu Yake: Kutoka kwa Somo wa Bunju Hadi kwa Mnasihi wa Leo



Lipo swali ambalo mabiharusi huulizana kwa sauti ya chini: kwa nini mwili unakataa wakati moyo umekubali? Ndoa imefungwa kwa ridhaa yake, mume anampenda, lakini akiguswa tu misuli inajikaza, pumzi inakatika, jasho linamtoka. Nyumbani wapo watakaosema ni jini mahaba. Wapo watakaosema ana kiburi. Wachache watauliza: binti huyu amepitia nini?

Leo tulitazame swali hilo kwa jicho la historia. Tumevuka bahari hadi Dar es Salaam, kwenye vitongoji vya Kinondoni na Temeke, ambako wengi wetu wa visiwani tuna ndugu, na ambako wengi huolewa.

Alivyofanya Bi Khadija

Tuanze nyumbani kwa Mtume wetu (S.A.W.). Aliporudi kutoka pango la Hira moyo ukimtetemeka, aliomba afunikwe. Wakamfunika mpaka hofu ikamtoka. Hapo ndipo alipomweleza Bi Khadija (R.A.) yaliyomkuta, naye akamtuliza kwa kumkumbusha wema wake kwa jamaa na kwa wanyonge. Kisha akampeleka kwa Waraqa, mzee mwenye elimu.

Tutazame mpangilio huo. Mwili ulitulizwa kwanza, maneno yakafuata, na mwenye ujuzi akaja mwisho. Hakuna aliyemhoji akiwa bado anatetemeka.

Karne kadhaa baadaye, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Hoja yake ni kwamba mwili ukiugua nafsi huumia, na nafsi ikiumia mwili hupata maradhi, kwa hiyo tabibu asitibu kimoja na kukiacha kingine. Basi dada anayesema habari za afya ya akili ni mambo ya Kizungu, amsome huyu kwanza.

Somo na chumba cha mwali

Sasa twende Bunju, kaskazini mwa Kinondoni. Katika miaka ya 1960 mtafiti Marja-Liisa Swantz aliishi huko na Wazaramo akichunguza mila za wanawake, na mwaka 1970 akachapisha kitabu chake. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akatunzwa na wanawake wa ukoo, kisha akatolewa kwa ngoma. Sisi wa visiwani tunayajua haya kwa sura yetu: somo, singo, liwa, kukandwa mwili, udi jioni. Mikono ya mwanamke mzima ilimfundisha binti kwamba mwili wake ni wa heshima.

Walikuwapo pia wanawake waliopelekwa kwenye ngoma za pepo. Yanayogusa tauhidi hatuyatetei, na masheikh wetu wameyasema. Lakini tutazame kilichokuwa kikitendeka: mwanamke aliyenyamaza kwa miaka alipewa siku yake, akaruhusiwa kutetemeka na kulia mbele ya wenzake, na hakuna aliyemcheka. Haja hiyo ilikuwa ya kweli, hata kama njia ina makosa.

Na somo naye tusimsifu kupita kiasi. Mikono ileile iliyotuliza iliweza pia kufunga mdomo. "Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo," binti aliambiwa, hata alipokuja na alama za kipigo. Subira ni ibada, lakini dhulma haigeuki kuwa haki kwa kuvumiliwa.

Mirembe na aibu yake

Wakoloni walileta mpango mwingine: mgonjwa wa akili atengwe. Hospitali ya Mirembe ilijengwa Dodoma mwaka 1927, mbali sana na Pwani. Jina lake likawa tusi la mtaani, mpaka leo mtu akikasirika atasema "huyu wa kupelekwa Mirembe". Hospitali imewasaidia wengi, lakini aibu ilibaki. Ugonjwa wa moyo ukawa ama wazimu wa kufungiwa, ama pepo wa kupungwa. Mwanamke aliyekuwa na jeraha tu, mwenye akili zake timamu, hakuwa na mlango wa kubisha.

Walipoanza kusema

Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kudhalilishwa na kundi la wanafunzi wa kiume. Msiba huo uliitikisa nchi. Waandishi wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987 na wenzao akina Fatma Alloo, mtoto wa Zanzibar, walilivalia njuga suala la udhalilishaji na kuwapa wanawake mahali pa kupata ushauri. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana.

Kisha zikaja takwimu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 uliwahoji pia wanawake wa Dar es Salaam. Kati ya waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 walikuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa kimwili naye. Mkoani Mbeya ilikuwa asilimia 56. Matokeo ya nchi zote zilizoshiriki yalipounganishwa, waliopitia ukatili walilalamika zaidi maumivu, kizunguzungu, kusahau, hata shida ya kutembea. Kipigo kimepita, mwili bado unasimulia.

Mbagala, 29 Aprili 2009

Jeraha halitoki kwenye ndoa tu. Siku hiyo ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, wilayani Temeke. Zaidi ya watu 20 walifariki, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao. Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Ufa wa ukuta mtu huuona, akaukadiria na kuulipia fidia. Ufa wa moyo hauonekani. Msichana aliyekuwa na miaka minane siku ile leo ni wa kuolewa, na huenda fataki za harusi yake mwenyewe zikamtoa mbio.

Mnasihi wa leo hufanya nini

Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza jeraha la namna hii rasmi kwenye orodha yao ya maradhi mwaka 1980. Baadaye Peter Levine na Bessel van der Kolk waliandika kwamba kumbukumbu ya hofu hukaa hata kwenye pumzi, misuli na tumbo, kwa hiyo kusimulia peke yake hakutoshi.

Mnasihi anayefuata njia hii haanzi na "hebu nieleze". Anakuuliza ungependa kukaa wapi, na kama mlango ubaki wazi. Anakuelekeza uzihisi nyayo zako sakafuni, utoe pumzi polepole, utaje unachokiona chumbani. Hakugusi bila idhini yako, na una haki ya kuomba mtaalamu mwanamke. Ukitaka kunyamaza, ananyamaza nawe. Habari inakuja kidogokidogo, kwa kadiri mwili unavyoimudu.

Njia hizi bado zinafanyiwa utafiti, na hazichukui nafasi ya daktari. Bibi harusi ambaye mwili wake unajikaza aende pia kliniki ya wanawake, maana hali hiyo inajulikana na ina matibabu. Aliyepigwa au kubakwa afike hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Mwananyamala au Temeke, na dawati la jinsia na watoto la polisi. Kisomo na dua viendelee, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa.

Na nyinyi masomo na makungwi, tunawaomba jambo moja. Mnapomkanda mwali na kumwona anashtuka, msimkemee. Simamisheni mikono, mfunikeni, mwambieni yuko salama, na mngojeni aseme mwenyewe. Bi Khadija alitufundisha hivyo zamani sana.

Allah awaponye wenye majeraha, awape mabiharusi wetu nyumba zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.