Peso Iliyojikana

SEHEMU YA KWANZA

Nyoosha kiganja, msomaji wangu. Leo nakuwekea sarafu, na usiitie mfukoni, nitaidai.

Ni ya fedha, imejaa mkono, uzito wake kama gramu 22 na nusu. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke. Maneno ya Kihispania yanasema PATRIA Y LIBERTAD, yaani Nchi na Uhuru. Kuna nyota moja. Kuna mwaka: 1897.

Igeuze. Unaona ngao, na juu yake jina la mwenye mali: REPUBLICA DE CUBA.

Mpaka hapo hujashtuka? Basi kumbuka hili. Mwaka 1897 hapakuwa na taifa hata moja kubwa lililoitambua Jamhuri ya Cuba. Kisiwa kilikuwa koloni la Uhispania. Bendera ya Uhispania ilikuwa ikipepea Havana, na jeshi la Uhispania lilikuwa mitaani.

Nani basi alipata kifua cha kufua sarafu ya nchi ambayo haijazaliwa?

Subiri, bado. Itazame tena, kuna neno umelipita: SOUVENIR. Eti kumbukumbu, kitu cha kuweka kabatini.

Umewahi kuona pesa inayokana mbele ya watu kwamba yenyewe si pesa?

Hapo ndipo penye kisa. Lakini hatuanzi Havana. Twende New York.

*

New York ilikuwa na Wacuba waliokuwa uhamishoni, na Wacuba hao walikuwa na kamati yao, Junta. Kisiwani ndugu zao walishika panga na bunduki tangu Februari 1895. Kazi kubwa ya Junta ilikuwa moja: kutafuta hela.

Aliyeiongoza alikuwa Tomás Estrada Palma, mwalimu aliyekuwa na shule yake nje ya jiji. Mzee mtulivu. Ukimwona usingemdhania kuwa anatuma baruti kwa meli.

Pembeni yake alikuwapo Gonzalo de Quesada, katibu. Huyu hata miaka 30 hajafikisha, ila ulimi wake ulikuwa ukifungua milango ya wakubwa Washington.

Na yule aliyewasha moto wenyewe, José Martí? Alikwisha kuanguka vitani Dos Ríos, tarehe 19 Mei 1895. Itunze tarehe hiyo. Nitakuja kuiulizia, na usiseme sikukwambia.

Sasa, baruti si bure. Mafundi wa sigara wa Tampa na Key West, kule Florida, walikuwa wakikunja tumbaku kutwa na kumega mishahara yao kwa ajili ya vita. Senti kwa senti. Lakini vita hula kuliko mshahara wa fundi sigara.

Na kisiwani mambo yalizidi kuharibika. Uhispania ilimtuma Jenerali Valeriano Weyler, ambaye magazeti ya Marekani yalimbandika jina la Mchinjaji. Aliwaswaga wanavijiji kwa maelfu hadi kwenye miji na kambi zenye ulinzi, ili wapiganaji wasipate wa kuwalisha. Njaa na maradhi yaliua zaidi ya watu laki moja.

Desemba 1896 Antonio Maceo naye akaanguka, jemadari mweusi ambaye jina lake peke yake lilikuwa likiwanyima Wahispania usingizi.

Martí hayupo. Maceo hayupo. Kibubu kinalia.

Wewe ungefanya nini?

*

Wao waliamua kuuza nchi yao kwa rejareja.

Usinikasirikie, hesabu ndiyo hii. Chukua fedha safi kwa kiwango cha sehemu 900 katika 1,000. Ifue sarafu. Kwa bei ya soko la mwaka ule, madini yaliyomo hayafiki hata nusu dola. Iuze kwa dola moja kamili. Kinachobaki, ukishalipa mafundi, kinakwenda vitani.

Mmarekani mwenye huruma na Cuba anaondoka na kitu kizuri mkononi. Mpiganaji porini anapata risasi. Nani kaibiwa?

Hakuna. Ila kulikuwa na mwenye nyumba.

Junta ilikuwa ikiishi kwenye ardhi ya Marekani, na Marekani ilikuwa na uhusiano mzuri na Uhispania. Sheria yake ya kutoegemea upande ilikataza mtu kuandaa vita dhidi ya nchi rafiki kutoka ndani ya mipaka yake. Tena haikuwa sheria ya kutishia watoto. Januari 1895, katika bandari ya Fernandina, Florida, maofisa wa Marekani walizinasa meli na silaha ambazo Martí alikuwa amezikusanya kwa siri. Jasho la miaka likaenda asubuhi moja.

Hebu fikiri: watu waliokwisha kuumwa namna hiyo, wanathubutu vipi kufua pesa za jamhuri ambayo Washington haiitambui?

Sasa umeona kazi ya lile neno? Afisa akija juu, anaoneshwa: bwana mkubwa, soma mwenyewe, hii ni kumbukumbu tu. Tunauza mapambo.

Na mapambo hutengenezwa wapi? Kwa wenye mapambo! Kazi ikapelekwa Providence, Rhode Island, kwa kampuni ya Gorham, mabingwa wa vijiko, uma na birika za fedha za mezani kwa matajiri.

Sanamu ya mwanamke ikaundwa na mchongaji Philip Martiny. Na Martiny huyo alikuwa na kazi nyingine: ndiye aliyechonga vitoto vya marumaru kwenye ngazi kuu za Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1897. Mkono uliopamba jengo la serikali ndio uliounda sarafu ya kuikwepa serikali!

Na mwanamke mwenyewe? Si malkia, wala si mungu wa Kigiriki. Ni Leonor Molina, binti wa Kicuba. Uhispania iliweka wafalme wake kwenye sarafu. Wacuba hawakuwa na mfalme wala hawakumtaka. Wakamweka mwenzao.

*

Turudi kwenye ngao. Igeuze tena sarafu, isogeze kwenye mwanga.

Juu kabisa, bahari na jua linachomoza. Katikati ya vipande viwili vya ardhi umelazwa ufunguo. Kipande kimoja ni Florida, kingine ni Yucatán ya Mexico, na ufunguo ni Cuba yenyewe, inayokaa mlangoni mwa Ghuba ya Mexico. Anayeushika ndiye anayefungua na kufunga. Sasa jiulize nani wengine walikuwa wakiutamani, nje ya Wahispania. Usijibu kwa sauti.

Chini, upande mmoja ni mistari ya bendera. Upande wa pili ni mti mrefu ambao Wacuba huuita palma real, umesimama wima na milima nyuma yake.

Nyuma ya ngao ni fito zilizofungwa pamoja: ukiwa peke yako utavunjwa. Na kichwani mwa fito imevikwa kofia. Kofia hiyo ina ukoo wake, kwani Roma ya kale mtumwa aliyeachwa huru alivishwa kofia. Utumwa ulikuwa umefutwa Cuba mwaka 1886, miaka 11 tu kabla ya sarafu hii. Wengi waliokuwa porini na bunduki walizaliwa watumwa, au mama zao walikuwa watumwa. Kwao kofia ile haikuwa pambo.

Imebaki nyota. Nyota moja, peke yake.

Nyota hii ina damu. Ilibuniwa New York, mwaka 1849, na Wacuba wa uhamishoni wa zamani zaidi, wakiwamo Jenerali Narciso López na mshairi Miguel Teurbe Tolón. López aliivusha bahari ikiwa kwenye bendera, akaipandisha katika mji wa Cárdenas.

Tarehe? 19 Mei 1850. Siku na mwezi ni vilevile nilivyokwambia uvitunze.

Hakudumu nayo. Alifukuzwa, akarudi tena, akakamatwa. Septemba 1851 Wahispania walimnyonga hadharani Havana kwa kola ya chuma inayokazwa shingoni.

Kwa hiyo mwaka 1897, Mhispania akiiona nyota ile kwenye kiganja cha mtu, hana haja ya kusoma neno SOUVENIR. Anajua anaangalia nini.

*

Zilifuliwa karibu 10,000. Wanaozikusanya leo huzigawa katika aina tatu, wakipima nafasi kati ya tarakimu za mwaka na mahali nyota ilipokaa. Aina iliyo adimu kuliko zote ilitoka 828 tu. Ukiikuta sandukuni kwa bibi, nitafute mimi kwanza.

Ila 10,000 mara dola moja haziishindi himaya. Mwaka 1897 ukaisha na Uhispania bado imekaa Havana. Mbinu za mapambo zilikuwa zimefika mwisho wake.

Kisha ukaingia 1898.

Tarehe 25 Januari, manowari ya Marekani iitwayo Maine inatia nanga bandarini Havana. Wewe unayejua kitakachoipata, nyamaza, wenzako hawajafika huko.

Majira hayohayo, barua inaibwa Havana. Inavuka bahari na kuangukia mikononi mwa Junta.

Haikuandikwa kwao. Imeandikwa na balozi wa Uhispania mjini Washington, Enrique Dupuy de Lôme, kwa rafiki yake, kwa siri, kwa maneno ambayo balozi hayasemi mchana.

Wanaigeuza. Wanasoma mstari wa kwanza, wa pili. Wanafika mahali wanatazamana.

Maana anayetukanwa pale si Mcuba. Ni William McKinley, Rais wa Marekani.

Amesema nini? Junta wataipeleka kwa nani? Na yule mwanamke wa Providence, kwa nini atarudi na sarafu yenye mwaka 1898, safari hii lile neno SOUVENIR likiwa limefutika?

Tukutane Jumamosi ijayo. Na sarafu yangu, tafadhali, irudishe.

ITAENDELEA