Eliya Pangoni

Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga, ni ya mawe ya chokaa. Wageni wengi huja kutazama miamba. Wengine huja mzimuni kuomba mtoto, afya au riziki, wakaacha sadaka.

Kuzungumza na Mungu pangoni kumo hata katika Biblia. Nabii Eliya, akimkimbia Malkia Yezebeli, alitembea siku 40 hadi Mlima Horebu, ule ule wa Musa, akalala pangoni. Ulivuma upepo wa kupasua majabali, ardhi ikatetemeka, moto ukawaka, lakini Mungu hakuwamo humo. Kisha ukaja mnong'ono. Hapo Eliya akajifunika uso kwa vazi lake, akatoka hadi mlangoni mwa pango. Akaulizwa anafanya nini pale, swali lile lile aliloulizwa kabla ya upepo, naye akarudia jibu lile lile, neno kwa neno! Hakukaripiwa. Alipewa kazi, mojawapo kumtia mafuta Elisha awe nabii baada yake. Kurani nayo humtaja Eliya, kwa jina la Ilyasi, bila kisa cha pango.

Mkiwa Amboni, tafadhali msiguse sadaka, wala msimwache mwongozaji: ndani ni giza na njia zina matawi mengi.